Saa Nne za Kunyamaza

Mwaka ule nesi wa kituo cha afya alinipima presha mara tatu, akaitazama mashine, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, jaribu kupumzika." Mtu mwenye akili angekwenda zake nyumbani akalala. Mimi nilijiandikisha kozi.

Ilikuwa kozi ya utulivu wa roho na mwili, jioni tano, kwenye ukumbi wa michezo wa shule ileile ninayofundisha fizikia. Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini sana, waliokaa nyuma hawakuambulia kitu. Alitufundisha kuvuta pumzi, kazi niliyokuwa nimeifanya miaka arobaini na saba bila cheti. Kufika Desemba nilikuwa mtu mwingine. Niliosha vyombo taratibu, kijiko kimojakimoja, nikikisikiliza, huku mke wangu Heini amesimama nyuma yangu na kitambaa cha kukaushia, anasubiri uzee.

Krismasi huwa tunakwenda kijijini Puumala kwa mama mkwe wangu, Alli, ambaye nyumba yake iko karibu kabisa na ziwa, ambalo Desemba huwa limeganda. Ana miaka themanini na mbili. Tangu mumewe Taavi afariki anaishi na paka tu, na sentensi tatu kwa siku zinamtosha, mojawapo ya kumwambia paka atoke.

Asubuhi ya mkesha, tukiwa mezani tunakula uji wa mchele, niligonga kikombe kwa kijiko.

"Jamani, nina ombi. Amani ya Krismasi ikishatangazwa kwenye televisheni saa sita mchana, tunyamaze mpaka saa kumi. Sote. Mwenye neno aandike kwenye karatasi. Tuzisikie roho zetu."

Binti yangu Oona, wa miaka kumi na tano, aliinua uso. "Baba, kwani humu ndani nani anaongea zaidi yako?"

"Si mzaha, Oona."

"Nyama ikiungua je?" Heini akauliza.

"Andika."

Alli alimaliza kulamba kijiko chake. "Kwa hiyo ni kama siku zote," akasema, akaondoka kwenda kumtoa paka.

Saa sita ikafika, televisheni ikaitangazia nchi nzima amani ya Krismasi kama kila mwaka, tukanyamaza. Wenzangu walistarehe vibaya mno. Heini alijilaza na kitabu. Oona na bibi yake walicheza karata, wakiibiana na kukonyezana, mabega yakiwatikisika kwa kicheko. Mimi ndiye niliyekuwa nateseka. Katika saa ya kwanza niliandika karatasi kumi na moja. Nani kahamisha miwani yangu? Hilo dirisha mmelifunga? Ya mwisho niliisukuma katikati ya karata zao: Mnausikia ukimya? Oona akaandika chini yake: Tulikuwa tunausikia.

Nikaona hawa bado wachanga kiroho. Nikaamua kwenda ziwani.

Jana yake nilikuwa nimekata tundu la kuzamia kwenye barafu, pale mwisho wa gati. Mkufunzi alituambia tuikabili baridi bila ngao, nami nikamwelewa kama mwanafunzi mzuri: joho la taulo nikaliacha kwenye msumari ndani ya sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, nikateremka na bukta tu. Nje kulikuwa na nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Niliingia majini, nikatamka neno ambalo kozini halikuwemo, nikatoka mbio. Lakini nilipotoka, mwili mzima ukawaka, nikajiona mtakatifu. Nikaketi palepale kwenye mbao za gati, nikakunja miguu, nikafumba macho nihesabu pumzi ishirini.

Nimefundisha fizikia miaka ishirini na miwili. Kila Januari nawatoa wanafunzi uwanjani, nabandika kitambaa kibichi kwenye mlingoti wa bendera, nawaambia wahesabu sekunde hadi kigande. Kwenye pumzi ya kumi na nane nilijaribu kuinuka, gati halikuniachia. Safari hii kitambaa kilikuwa bukta yangu.

Ningeweza kuivua nikaiacha pale. Lakini ng'ambo ya ghuba mpiga kinanda wa kanisa alikuwa anateleza na wajukuu zake kwa vigari vya theluji, na wajukuu walishaanza kuninyooshea vidole.

"Heini!" nikapiga kelele. "Heini! Jamani!"

Walikuja wote watatu, wamevaa kofia, wanatembea. Hakuna aliyefungua mdomo. Oona alikuwa na karatasi na penseli. Akaandika, akanishikia mbele ya macho: Bado saa moja na dakika kumi.

"Nimeganda! Ongeeni, nawaruhusu!"

Heini aligeuka akatazama msitu, kaziba mdomo kwa glavu. Alli aliweka kidole midomoni, akaingia sauna, akarudi na ndoo ya maji ya uvuguvugu na kata. Akanimwagia kata moja, akangoja, akamwaga nyingine, hana haraka hata kidogo. Mwishowe nikabanduka. Kipande cha bukta kilibaki kwenye mbao.

Saa kumi, giza likiwa limeshaingia, tulikwenda makaburini kama kila mwaka. Mishumaa ilikuwa inawaka kwenye theluji kila upande, watu wanapita wakisalimiana kwa kichwa. Alli alipangusa theluji kwenye jiwe la Taavi, akawasha mshumaa, akaanza kuongea.

Sikuwahi kumsikia hivyo. Miaka yote nilibaki kwenye gari, nikidai nazuia injini isipoe. Alimweleza Taavi habari za paa, za paka, za goti lake, za jirani aliyeuza boti. Alicheka peke yake. Kisha akasema, "Na mkweo leo kagandia gatini kwa makalio. Mwalimu wa fizikia, Taavi! Nimembandua kwa ndoo nzima."

Nilitaka kujitetea. Heini akanibana mkono, nikanyamaza, na safari hii sikuhesabu pumzi.

Alipomaliza alisogea pembeni. "Njoo nawe useme naye. Mimi nimemaliza yangu."

Nilisogea. Maneno yaliyonijaa kutwa nzima yakakauka. Nilisimama tu, nikimkumbuka mzee wa watu alivyokuwa ananimegea samaki bila kuuliza kama nataka, na macho yakaanza kuniuma.

"Haya, kakusikia," Alli akasema. Akanishika mkono, maana njia ilikuwa inateleza, na mpaka tunafika kwenye gari alikuwa bado ananisimulia jinsi Taavi alivyomchumbia.