Mafuta Yaliyopanda Upesi

"Rojo hili? Shangazi, nalipika nimefumba macho, mkono mmoja nyuma!"

Ndivyo alivyojitapa Kiherehere, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Shangazi yake, mwenye mkahawa, alimtupia jicho la pembeni.

"Macho yafumbue, mwanangu. Kesho naenda kumlea binti yangu aliyejifungua. Rojo la leo likitoka sawa, ufunguo wa jiko ni wako. Likiharibika, namwita dada wa jirani apike, wewe urudi kumenya vitunguu."

Vitunguu! Alikuwa amevimenya mwaka mzima, hadi wapita njia walidhani ana msiba usiokwisha.

Na rojo ndilo lililokuwa mkahawa wenyewe. Asubuhi huvunjiwa mayai, mchana humwagiwa juu ya dengu, jioni hulazwa samaki ndani yake. Shangazi alifundishwa na mwajiri wake wa zamani, mama mmoja wa Afrika Kaskazini, na sharti lilikuwa moja.

"Moto mdogo. Mafuta yakipanda juu yenyewe, limeiva. Kabla ya hapo ni nyanya zilizochemka tu." Akachukua kapu, akaenda kutafuta mkate.

Kiherehere alianza kwa madaha. Alikaanga jira na giligilani kavukavu hadi zikanukia, akazitwanga. Vitunguu vikawa rangi ya dhahabu ndani ya mafuta, kitunguu saumu kikafuata, kisha mdalasini, pilipili nyekundu ya unga na nyanya zilizokunwa. Hadi hapo, hata adui yake angempa heko.

Ndipo ikaja kazi ya kungoja.

Alikaa, akainuka. Akafunua sufuria, akafunika. Akafuta meza iliyokwisha kufutwa. Akachungulia barabarani, akarudi, akafunua tena. Mafuta hayakuonekana hata kwa dawa.

"Mpishi, vipi huko?" Alikuwa tarishi, mteja wa kila asubuhi, ameegemea dirisha la kupakulia.

"Bado kidogo, kaka."

"Njaa haijui bado."

Maneno hayo yalimchoma. Kiherehere akaongeza moto, kidogo tu. Halafu kidogo kingine. Rojo likaanza kuruka na kuchora ukuta. Akakimbilia kitambaa, akasugua huku akinung'unika. Alipogeuka, harufu ya moshi ilikuwa imeshajikaribisha.

Mtu mwenye subira angelihamishia rojo la juu kwenye sufuria nyingine, akaacha lililoshika chini lishike. Yeye alishika mwiko, akakwangua. Vipande vyeusi vikapanda kama siafu waliochokozwa. Akavivua kimoja kimoja kwa kijiko, vingine akaamua ni mdalasini.

Nje, sauti ya shangazi ikasikika ikimsalimu fundi viatu.

Kiherehere akanyakua chupa ya mafuta, akamimina akizungusha mkono, taratibu, hadi uso wa rojo ukang'aa kama kioo. Akafunika. Chupa ikarudi kabatini. Kwa haraka zile, hakukumbuka kwamba dirisha lina mtu.

Shangazi aliingia, akatua kapu, akafunua.

"Haa! Yamepanda!" Uso wake ukafunguka. "Kumbe unaweza kutulia, mwanangu."

"Nilikwambia, Shangazi."

Shangazi akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa ufunguo, akamwekea kiganjani. Kisha, kwa furaha, akageukia dirishani.

"Karibu baba! Yale ya kila siku? Mayai mawili ndani ya rojo?"

Tarishi alijikuna shingo. "Leo nipe makavu, mama."

"Makavu? Unaumwa?"

"Mzima kabisa. Ila mafuta hayo, mama, hayakupanda." Akamtazama Kiherehere, akamtazama shangazi. "Yameshuka. Nimeyaona yakitoka chupani."

Kiherehere akacheka. Alicheka peke yake.

Shangazi alichukua mwiko, akautosa kupitia ule mng'ao. Kiherehere alifungua mdomo apate la kusema, lakini mwiko ulikuwa umeshakwangua ukoko wa chini, na sufuria ikajibu: kwaaa.