Ulimi wa Mama Povu

Wapo wapimao sabuni kwa vitabu. Mama Povu aliipima kwa ulimi. Kipande kikishakaa rafuni wiki kadhaa, alikigusa kwa ncha ya ulimi. Kikichoma, magadi hayajatulia, kinarudi rafuni. Kisipochoma, kiko tayari kwa ngozi ya mtu. Alifundishwa hivyo na mama yake, na kwa sabuni hiyo ya jikoni alimsomesha bintiye wa pekee. Mtaa mzima uliogeshea vichanga sabuni yake. Utajiri wake ulikuwa huo tu, kuaminiwa.

Binti alipoachishwa kazi, alirudi nyumbani na simu yake. Haya, simu ikashika kazi! Akapiga picha sufuria, akapiga picha mikono ya mama, akabandika uso wa mama kwenye kila karatasi ya kufungia. Oda zikamiminika. Mama Povu alifurahi, asifurahi vipi, naye anamwona mwanawe anacheka tena?

Lakini siku moja alipokuwa akionja, binti aliishusha simu upesi.

"Mama! Unalamba sabuni watu wanaona? Nani atanunua?"

"Atanunua asiyetaka kuungua."

"Achana na mambo ya kizamani, Mama."

Tangu hapo vipande vikawa vinatoka rafuni kabla ya wakati. Mama akikataza, binti anasema wateja wanasubiri. Haraka haraka haina baraka, lakini umwambie nani? Sikio la kufa halisikii dawa.

Haukupita muda, akaja jirani yao mshonaji, amempakata mjukuu wake, mgongo wa mtoto umebabuka. Mlangoni wateja walikuwa wamejaa.

"Mama Povu, umenifanyia nini?"

Mama akamtazama bintiye. Binti akatazama simu, kisha akasema kwa upole, ule upole unaouma kuliko tusi: "Tuwieni radhi, jamani. Mama amezeeka, vipimo vinamchanganya. Kuanzia leo napika mwenyewe."

Maneno yalimfika Mama Povu kooni. Lakini amuumbue mwanawe mbele za watu? Akayameza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu wa kusingiziwa na mwana aliujua siku hiyo.

Uso wake ukabanduliwa kwenye karatasi, ukabandikwa wa binti. Mshonaji, shoga yake wa tangu ujana, sasa akikutana naye hugeukia ukutani.

Na kioja ni hiki: kila asubuhi, wateja hawajafika, binti huingia jikoni kwa mlango wa nyuma na kipande amekifunga kitambaani.

"Mama, nionjee."

Leo kilimchoma hadi machozi yakamlenga. Akatamani, Mungu amsamehe, aseme kiko tayari. Aone safari hii atasingiziwa nani! Neno lilikuwa papo hapo mdomoni. Kisha akakumbuka yule mtoto alivyolia.

"Bado," alisema.

Binti akakifunga kipande chake, hata ahsante hakusema. Wateja walipofika, akatoka mbele kuwaambia wavumilie, maana yeye si kama waliomtangulia: kwake sabuni haitoki mpaka aipime mwenyewe.