Mbwa Mlangoni kwa Madoa

Homa ya mapafu ya ng'ombe ilipoingia mtaa wa pili, mjane hakungoja ibishe hodi kwake. Ng'ombe wake, Madoa, alikuwa wa mwisho katika zizi la marehemu mumewe, tena na mimba ya miezi saba. Akiondoka huyo, zizi limekufa mara ya pili.

Kwa miaka sita Madoa alilala bandani pamoja na mbuzi, ubavu kwa ubavu na ng'ombe mweusi wa shemeji, mdogo wa marehemu. Mjane akaona usalama ni kutengana. Akamhamishia katika stoo ya mkaa nyuma ya nyumba, akaifagia, akatia maji na majani mabichi, kisha akamfunga mbwa mlangoni, mtu asije akaingia na ugonjwa kwenye viatu.

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, umemtia ng'ombe mahabusu, na polisi umemweka mlangoni."

"Heri mahabusu kuliko kaburi," mjane akajibu, naye akacheka.

Siku ya tatu daktari wa mifugo akapita mbiombio na chanjo. Mweusi alidungwa bandani. Madoa akatolewa uani, akadungwa, akarudishwa stoo. Mjane akashusha pumzi.

Madoa hakushusha. Mbwa akibweka, yeye huruka ukutani. Alimlilia mwenzake mpaka sauti ikakwaruza. Halali chini, hacheui. Mjane alisema ni deko la mwenye mimba, litapita, akamwongezea majani. Maisha yake yote subira ndiyo iliyokuwa dawa.

Wiki ya nne homa ikafika na mtaa wao; pua ya Madoa ikachuruzika, mbavu zikawa zinapanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi. Daktari akaitwa. Alitazama kipimajoto, akamtazama mbwa, akauliza amefungwa pale tangu lini.

"Tangu kabla ya chanjo."

Daktari akachuchumaa. Alimweleza taratibu kwamba hofu huumwagia mwili homoni. Ikiwa ya saa moja si neno, humpa mnyama miguu ya kukimbia. Ikimwagika usiku na mchana, kinga ya mwili hulegea.

"Chanjo ni kuwafundisha askari vita, mama. Wa huyu walifundishwa huku wanasinzia."

Mjane akauliza kuhusu mweusi. Mzima, daktari akasema. Chupa ni ile ile, ila yeye alibaki kwao, na mbuzi wa kumpa kampani. Akamchoma Madoa sindano mbili, akaonya kwamba mapafu yameshaliwa sana.

"Basi nimemuua mimi."

Daktari akafunga mkoba. "Ulitaka kumlinda," akasema.

Shemeji alikuja, safari hii bila mzaha. Akamfungua mbwa mwenyewe, akaondoka naye. Stoo ikanyamaza. Madoa aliutazama mlango mtupu kwa muda mrefu, masikio yakalegea, akapiga magoti ya mbele, akalala chini kwa mara ya kwanza tangu ahamishwe. Taya likacheua mara moja, mara mbili, likaacha.

Mjane akaketi kwenye gunia la mkaa, akaweka kiganja juu ya tumbo la Madoa. Ndama aligonga kidogo. Kwenye banda la zamani mweusi akaita. Sikio la Madoa likageuka upande ule, likabaki huko huko, lakini sauti ya kuitikia hakuwa nayo tena.