Picha Iliyoshiba

Wanawake walipangwa mbele ya ukuta wa shule, wamevaa barakoa, kila mmoja na mfuko wa unga wa mahindi kichwani. Émérence alikuwa wa mwisho kwenye mstari huo, amemshika mkono bintiye Jaël, mtoto wa miaka mitano. Korona ilikuwa imefunga soko alikouza makala, yaani mkaa, na nyumbani kwao Shituru, mtaa wa Likasi, moto ulikuwa haujawashwa tangu juzi.

Mpiga picha alipomaliza, watu wa ofisi ya msaada wakaitua mifuko kichwa kwa kichwa, wakairudisha ndani ya lori.

"Ya kwenu itakuya," wakasema.

Picha ilitundikwa ofisini, ndani ya kioo, karibu na meza ya karani Blaise. Wiki ileile wanawake wa pichani walivua barakoa, wakafungua mifuko, wakawasha mbabula za mkaa na kusonga bukari. Wakanenepa. Blaise alilalamika kidogo juu ya moshi, akafungua dirisha.

Émérence alipokuja na mtoto kudai unga, Blaise alimwonyesha ukuta.

"Mama, unajiona pale? Weye ulishakula."

"Ile foto njo inakula, haiko miye. Mutoto yangu iko na njaa."

"Mutoto naye anakula. Angaria mashavu."

Kweli, Jaël wa pichani alikuwa akilamba vidole. Jaël wa Émérence alimtazama, akameza mate.

Wakubwa walifika kutoka Kinshasa. Waliyaona mashavu, wakapongezana kwa kugusana viwiko, wakatangaza redioni kwamba Likasi imeshiba. Lori halikurudi.

Jaël akavimba miguu, nywele zikawa nyekundu. Muuguzi alisema dawa yake ni chakula. Mtoto alikufa kabla ya mvua za kwanza, akazikwa na watu wachache, maana mikusanyiko ilikatazwa.

Émérence alirudi ofisini. Blaise alidhani amekuja kugombana, lakini aliomba kiti tu.

Siku hizi soko liko wazi na hakuna anayevaa barakoa. Émérence akishauza makala hupitia ofisini, akaketi. Jaël wa pichani ameota meno mapya, anavaa sare ya shule.

"Anakomea muzuri," Blaise alimwambia juzi. "Karibu atakupita urefu."

Émérence alikuwa akimtazama mwanawe akisukuma sahani pembeni, bukari imebaki nusu, kwa sababu ameshiba.