Ndege wa Mama Guntrada

Kwetu sheria haina maneno mengi. Mama akifa, shamba, ng'ombe na watumwa ni vya mwana wa kiume. Vya shingoni na kifuani ni vya binti. Kwa hiyo mama yetu Guntrada alipokata roho theluji ikiyeyuka, kaka yangu Ragno alirithi kila chenye miguu na kila chenye mizizi, na mimi nikarithi ndege wawili.

Ndege wenyewe walikuwa bizimu za fedha za kufungia vazi, macho yao vijiwe vyekundu. Mmoja alipinda mdomo siku nilipomng'ata nikiota meno. Pamoja nao kulikuwa na shanga za kaharabu, na tufe dogo la bilauri ambalo mama alilining'iniza mkandani. Kwa mali hiyo nilikuwa na mchumba, Eburo, kwani baba yake alishasema waziwazi kwamba mwanawe haoi kifua kitupu.

Mama mdogo Walda, mdogo wake mama, alinisaidia kumwosha marehemu. Tulikuwa tumeshamvika kanzu ya kitani Ragno alipoingia, macho yamemvimba kwa kulia.

"Aldruna, mdogo wangu," akasema, "mama ataendaje kwa mababu kama mjakazi? Vijiji vyote vinakuja kumtazama. Watatucheka."

"Ni vyangu, kaka."

"Nani kasema si vyako? Ndiyo maana nakuomba, sikuamrishi. Mvalishe. Vya kuolewa nitakutafutia mwenyewe, na nisipotimiza usiniite kaka."

Nilimpenda mama. Nilimvalisha kwa mikono yangu, ndege mmoja huku na mwingine kule, shanga shingoni, tufe kiunoni. Tulipomteremsha, wanawake walinikumbatia wakasema Guntrada amezaa binti. Mimi mjinga nikavimba kichwa kwa sifa za mazishi.

Eburo alioa msichana wa kijiji cha juu kabla shayiri haijaiva. Nilipomkumbusha Ragno ahadi yake, aliniambia nivumilie, mvumilivu hula mbivu. Nilivumilia. Nilikamua ng'ombe wake, nikachunga nguruwe wake msituni, nikawa kama mjakazi asiyenunuliwa.

Nguruwe waliponona, ikaja zamu yake ya kuoa. Bibi harusi, Swinda, alitoka ng'ambo ya mto, binti mpole wa watu wenye nguvu. Nilikuwa nazunguka na jagi la bia nikimimina, nilipofika mbele yake nikamwona ndege kifuani pake, mdomo umepinda.

"Wifi," nikamwuliza, "ndege hawa umewapata wapi?"

"Si kaka yako! Kasema kawanunua kwa mchuuzi wa kusini. Wazuri, eh?"

"Wazuri sana. Huyo wa kushoto nilimng'ata mimi."

Nikammiminia Ragno bia yote iliyobaki kichwani. Watu walicheka, wakadhani nimelewa. Yeye hakucheka.

Nilimshtaki kwa wazee usiku uleule, na asubuhi baraza lilikaa makaburini. Anayefukua maiti kwetu hufukuzwa akaishi msituni, na hakuna wa kumpa mkate wala paa, hata mkewe, mpaka jamaa wa marehemu amwombee arudi. Wanaume walichimba, wakainua mbao. Mama alikuwa amevurugwa, mbavu zimesukumwa miguuni, shanga zimetapakaa. Tufe la bilauri tu lilikuwa mahali pake. Watu huamini linaona, na mwizi hakuthubutu kuligusa. Nililia kwa hasira. Kaka yangu wa tumbo moja alimpekua mama kama anayetafuta kitunguu kikapuni!

"Sikuiba," Ragno akasema. "Mama ndiye aliyeniagiza."

Hadufrid, mkuu wa baraza, akamkata jicho. "Maiti kakutuma, siyo? Kakunong'oneza kutoka shimoni?"

"Alikuwa hai, mzee! Alikuwa kitandani. Alisema binti ni wa kwa watu, ndege wakitoka nyumba hii hawarudi. Akasema nizike naye vyote, Aldruna hatabisha akiombwa kwa heshima ya mama yake, ana moyo laini. Kisha nisubiri nyasi ziote, niwafukue ndege, nimvike mke wangu. Muulizeni mama mdogo, alikuwepo."

Watu wakaguna. Mimi nikamgeukia mama mdogo Walda.

"Mama mdogo, mwambie ni mwongo."

Walda alitazama viatu vyake. "Nilimwambia dada si vizuri. Akaniapisha nisiseme."

"Na ulikuwa pale nikimvalisha."

"Nilikuwepo, mwanangu."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hakuna aliyenifundisha la kufanya kikiwa ndicho kilichokuzaa. Mwezi mzima wa ugonjwa wake nilimlisha uji kwa kijiko, akanishika mkono na kuniita kifaranga chake, huku ameshapanga nibaki bila kitu. Ule moyo laini alioutegemea aliulea mwenyewe. Niliona aibu kwa kila chozi nililomlilia.

Hadufrid alikohoa. "Marehemu hana ruhusa ya kuruhusu. Kaburi ni kaburi. Ragno ataingia msituni leo hii, isipokuwa mtoto mwingine wa Guntrada amwombee. Na mtoto mwingine ni wewe tu, Aldruna. Sema."

"Dada," Ragno akapiga magoti kwenye udongo wa mama. "Baridi inakuja. Nitakufa huko."

Swinda alikuwa analia. Alizifungua zile bizimu, vazi likamteleza begani, akalishika kwa mkono mmoja na kwa mwingine akanikabidhi ndege. "Wifi, naapa sikujua," akasema. Nilimwamini. Katika ukoo ule, mgeni ndiye pekee aliyekuwa hajanidanganya.

Nilisimama ukingoni mwa shimo nikambana ndege mmoja kifuani pangu, kisha wa pili, bila haraka, ili yeyote aliyemo aone. Wazee walishtuka, maana hakuna avaaye cha kaburini. Ragno bado alikuwa ameninyooshea mikono.

"Mwacheni arudi kwa mkewe," nikasema. "Aliyeniibia amelala humu."