Nati Isiyo na Rangi

Je, baba aliikaza ile nati, au hakuikaza?

Tangu binti amzike kaka yake, swali hilo lilikuwa limepiga kambi nyumbani kwao. Baba, fundi magari aliyeaminika, alikuwa na mazoea yake: kila nati aliyoikaza aliitia tone la rangi nyekundu ya kucha, aliyoinyakua mezani kwa mkewe. "Rangi hii ndiyo neno langu," alizoea kusema. Siku ile, alipokuwa akitengeneza breki za pikapu, hakuiona chupa. Mama alikuwa ameificha kwa utani, maana mumewe aliimaliza kabla yeye hajapaka hata kidole kimoja. Baba akaingia ndani kuidai, wakataniana, wakacheka. Huko nje kaka, mtu wa haraka zake, akadhani kazi imekwisha. Akawasha gari, akaondoka. Kwenye mteremko breki hazikushika.

Baba hakugusa spana tena. Hakuweza kukumbuka kama aliikaza nati ya bomba la breki, kwenye gurudumu la mbele, ndipo akainuka, au aliinuka tu.

Binti yake alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi pikapu ile ilipoletwa karakanani, imepondeka, ili wanafunzi wajifunzie. Aliitambua kwa kiti cha dereva, ambacho mama alikishona kwa uzi wa kijani.

"Vipi, Spana, unalia au oili imekuingia machoni?" kijana aliyefanya naye kazi meza moja alimtania, akimwita kwa jina lake la utani.

"Ni gari la kaka yangu."

Utani ukafa papo hapo. Mwalimu wao, ambaye sauti yake ilizoea kushindana na injini, akasema polepole, "Mwanangu, toka nje upunge upepo. Wenzako watalifungua."

"Hapana, mwalimu. Gurudumu la mbele niachie mimi."

Walipolitoa gurudumu, alijilaza ubavuni, akaifuta ile nati kwa kitambaa. Haikuwa na rangi, hilo alilitarajia. Aliinua spana, kisha akaiweka chini, akaishika nati kwa vidole vitupu.

Ikazunguka. Ikazunguka kwa wepesi, kama kizibo cha chupa ya maji.

Alibaki pale pale, shavu juu ya sakafu yenye grisi. Viatu vya wenzake vilimzunguka.

Yule kijana akachuchumaa. "Sikiliza, dada yangu," alinong'ona. "Ikaze sasa hivi. Rangi nitakutafutia. Tone moja tu, upige picha, mzee apate usingizi. Nani atajua?"

Kwa kitambo akamwona baba ameshika spana tena, na mama akimfokea kwa sababu ya chupa yake. Alilitamani sana jambo hilo. Lakini rangi ile haikuwahi kusema uongo hata mara moja, na baba hakuwa na kitu kingine alichokiita neno lake.

Akajivuta, akasimama, akajifuta mikono.

"Sitaitia rangi," aliwaambia, "nanyi msiikaze. Leo ninarudi nyumbani. Nitamwambia baba kwamba haikukazwa, nitamwambia mbele ya mama, kisha nitakaa nao."