Hodi Mahameni

…kwa sababu mwangwi ungenirudishia hodi yangu yenyewe, mwangwi haujui kusema karibu, unaupa neno unakurudishia mkia wa neno, odi, di, basi umekwisha, na mimi nimesema hodi mara tatu, ya kwanza kwa mazoea, ya pili kwa mzaha, ya tatu kwa kuwa nilishasema mbili, na hiyo ya tatu imejibiwa, karibu, wazi kabisa, kutoka humo ndani, sauti kavu kama ya mtu aliyeshinda bila kuongea na mtu, na sasa nimesimama ghorofa ya tatu ya jengo lisilo hata na mlango wa mbele, mkono kwenye fremu, mguu mmoja umetangulia mwingine umegoma, siwezi kuingia na siwezi kurudi… labda sikusikia, labda ni njiwa, labda ni masikio yangu tu, nimelala vibaya wiki nzima tangu Mwalimu alete habari ya uhamisho wake, Jumamosi anaondoka, leo Alhamisi, na jibu la kwenda naye au kubaki bado sijampa… hapana, acha kujidanganya, njiwa hawasemi karibu, kuna mtu humo.

Haiwezekani kuwe na mtu, huku walihama wote, kiwanda cha nyuzi kilipofungwa mtaa mzima wa wafanyakazi ulipakia magodoro kwenye malori, maduka yakafuata, shule ikafuata, mbwa wakakaa kidogo kisha nao wakaona heri waende, yakabaki maghorofa haya na madirisha yake matupu, mahame, na neno lenyewe zuri, mahame, limezaliwa na kuhama kama uhamisho ulivyozaliwa na kuhama, ndugu wa tumbo moja, moja nalipenda na jingine sitaki hata kulisikia… na kupenda napenda kweli, Mungu anisamehe, napenda mahali hapa na kila mahali pa namna hii, stesheni isiyopita treni, hoteli iliyoota vichaka ndani ya bwawa la kuogelea, nikipata siku ya mapumziko navaa raba zangu na kuaga kwamba naenda saluni, saluni gani hiyo inayomrudisha mtu na utando wa buibui kichwani, wifi yangu alinikuta siku moja uani nakwangua kinyesi cha njiwa kwenye soli, akasema, "Jamani, kaka yangu kaoa popo!" tukacheka wote mpaka machozi, lakini jioni nilimsikia akimwuliza kaka yake kwa sauti ya chini, "Ana nini lakini?" na Mwalimu akajibu, "Mwache," na Mwalimu ndiye mume wangu, hata kitandani namwita Mwalimu… sina kitu mimi, wifi, ni kwamba nyumba iliyoachwa haikuulizi habari, basi, ni hilo tu, mimi kazi yangu ni mapokezi, nakaa nyuma ya kaunta nasema karibu sana, habari za safari, karibu tena, meneja anasema tabasamu lisikike hata kwenye simu, nikitoka hapo njiani habari za kazi, nzuri, habari za nyumbani, nzuri, za siku nyingi, nzuri, unaweza kuwa unazama na bado ukasema nzuri, siku moja nilimjibu mwenye duka, mbaya, nikasema hivyo hivyo, mbaya, akacheka kwelikweli akanipa mkate wangu akasema wewe dada una vituko… lakini chumba kilichoachwa hakihitaji uongo wako, unaingia, unakuta kalenda imeganda mwezi mmoja, unakuta ndala moja, kila mara moja, sijawahi kukuta jozi, unakuta ukutani pale ilipokuwa picha rangi bado mpya, na pembeni mwa mlango mistari ya penseli, mtoto alivyokuwa akirefuka, mstari juu ya mstari, halafu mstari wa mwisho halafu ukuta mtupu, na unajua kwamba huyo hakufa, alihama tu, yuko mahali fulani anaendelea kurefuka, na mimi nasimama hapo na moyo unanitulia, unatulia kabisa… "Pita tu, hapajafungwa!"

Yarabi. Imesema tena, na safari hii siyo masikio… usikimbie, ukikimbia utaanguka, zile ngazi mbili zilizobomoka nilizivuka kwa kushika nondo na kuruka, kupanda ulikuwa mchezo, kushuka ni lazima nikae chini nijiburute kwa makalio kama mtoto, na aliye ndani akitaka kunifikia atanifikia niko hapo hapo, na hakuna anayejua niko wapi, Mwalimu anajua saluni, wifi anajua popo, kazini wanajua nimepumzika… na sasa naona nilichopaswa kukiona tangu mwanzo, sakafu imefagiwa, macho yangu yalikuwa wapi, ghorofa ya kwanza na ya pili nilikuwa nakanyaga kinyesi na vioo, na hapa nimesimama penye saruji safi, alama za ufagio zinaonekana, na hilo nililodhani ni kivuli ni pazia, pazia la maua, limefuliwa, limetobolewa likafungwa kwa waya wa umeme, na mimi nimekuja nimebisha hodi kama mwenda wazimu… lakini nisingebisha ningekuwa nimeshaingia, nimemwingilia mtu kwake, bora hodi, mama yangu ndiye aliyenitia hodi mdomoni, usiingie hata jikoni kwa dada yako bila hodi, alikuwa akisema, piga ya kwanza wajue kuna mtu, ya pili wajifunike, ya tatu waseme neno, wasiposema geuka uende zako na usiweke kinyongo, na mimi hiyo sheria niliigeuza nje ndani kama soksi, nabisha, nasikiliza kimya, na kimya kikinijibu ndipo naingia, miaka yote hii ruhusa yangu imekuwa kutojibiwa, leo nimejibiwa na sijui la kufanya, mtu mzima mimi, anayelipwa kusema karibu, naambiwa karibu na bado nimeng'ang'ania fremu.

Simu… inatetema mfukoni mwa suruali, imewahi kabla sijaizima mlio, hapana, mlio nilizima, ni mtetemo tu lakini katika kimya hiki ni kama mashine ya kusaga, ni yeye, saa ya mapumziko shuleni, yuko kwenye lile benchi la nje ya ofisi ya walimu na chaki bado vidoleni, ananipigia, na siwezi kuipokea, niseme nini, niko saluni… ameniuliza mara ngapi sasa, ya kwanza siku ile alipokuja na habari, alikuwa hajavua hata begi, akasema wamenihamisha, mbali, tunakwenda wote? nikasema ngoja niiepue sufuria jikoni, ya pili anapiga pasi shati, mgongo amenipa, akasema unajua wanatoa na nyumba, vyumba viwili, nikasema umeme ukikatika shati litabaki na mikunjo, piga haraka, na leo asubuhi, anafunga kamba za viatu, hakuinua uso, akasema, "Mke wangu, nijibu tu. Hata hapana ni jibu," na mimi nikatafuta funguo ambazo nilikuwa nimezishika mkononi… maana huwezi kuhama bila kufungasha, na huwezi kufungasha bila kufungua vyumba vyote, na kuna chumba kile, cha upande wa uani, alichokipaka rangi ya manjano mwenyewe, Jumapili nzima juu ya stuli, rangi mpaka kwenye nyusi, na majirani walikuwa wameshaanza kuniita Mama Kijacho, Mama Kijacho shikamoo ya tumbo, Mama Kijacho usibebe ndoo, mimi nacheka, naitika, mimba ilipofika mwezi wa nane Kijacho akaja na hakulia, mkunga akampiga mgongoni akampiga tena, hakulia, na niliporudi nyumbani watu hawakujua waniite nani, wakaanza jirani, dada, wewe… mlango ule tukaufunga, hakuna aliyesema tuufunge, ulifungwa tu, na mimi nimeingia vyumba vya watu nisiowajua majina, nimepapasa swichi zao na misumari yao, nimesimama mbele ya mistari ya penseli ya watoto wao, chumba changu mwenyewe sijakiingia, ndiyo hivyo, sijawahi kulisema hili hata kichwani, nalisema sasa nikiwa na hofu ya kuuawa, akili ya binadamu ina adabu gani.

"Karibu basi! Nani?" Ni mwanamke. Ni sauti ya mwanamke, wa makamo, anakohoa, na kuna maji, kitu kinasuguliwa ndani ya beseni, anaosha vyombo, mtu gani mbaya anakuua na anaosha vyombo… anauliza nani, na hodi ikishaulizwa nani unajibu mimi, na ukijibu mimi unaulizwa mimi nani, kila mtoto anaujua huo mchezo, mimi nani, mke wa Mwalimu, kama Jumamosi haitapita bila jibu, dada wa mapokezi, popo, Mama… simu imekata. Imeanza tena. Mwalimu haachi, hajawahi kuacha, hata hodi hajaacha, maana tulipooana tulikuwa na chumba kimoja cha kupanga na yeye akirudi jioni alisimama nje ya mlango wake mwenyewe, na funguo anazo, akasema hodi, mimi ndani nasema nani, yeye anasema mgeni, mimi nasema mgeni njoo, yeye anamalizia mwenyeji apone, ndipo anaingia, upuuzi mtupu, majirani walitucheka, na baada ya Kijacho aliendelea, jioni nasikia viatu, nasikia hodi, nami niko kwenye sinki na mikono majini, sisemi kitu, na yeye anasimama pale kwenye zulia la mlangoni… anasimama… halafu ufunguo unazunguka taratibu na anaingia kwa kunyata, anaweka begi bila sauti, anatazama huku na huku, anagusa kiti, mimi siku zote nikidhani amechoka, nikidhani ni kunyata kwa mtu anayemwogopa mkewe, na kumbe nakujua kunyata huko, ni kwangu, ndivyo ninavyoingia mimi humu, baada ya kimya, unakanyaga polepole, hujui sakafu itakubeba wapi na itakuangusha wapi… Mungu wangu, Mwalimu, umekuwa ukiingia mahame kila jioni na hata raba huna.

Na mimi napenda haya magofu kwa sababu hayanijibu, yeye anapenda gofu lililo na mtu ndani na mtu hajibu, hayo si kitu kimoja, nilidhani tunaugua ugonjwa mmoja na kila mtu na dawa yake, kumbe dawa yangu ndiyo ugonjwa wake… na leo asubuhi hakuwa anauliza habari ya uhamisho, au alikuwa anauliza lakini ilikuwa hodi, ya kwanza na begi, ya pili na pasi, ya tatu na kamba za viatu, na yeye pia alifundishwa na mama yake kama mimi, nyumba zote zinafundisha hivyo, wasiposema neno geuka uende zako na usiweke kinyongo, na hataweka, namjua, atakunja shati lake ambalo halina hata mkunjo, atasema jitunze, atakwenda, na mimi nitabaki na chumba cha manjano upande wa uani, nikiosha sahani moja… sitaki, nasikia sitaki hiyo ikipanda kutoka tumboni, sitaki, naogopa ule mlango kuliko ninavyoogopa pazia hili, naogopa harufu ya ile rangi, nitaufungua nikilia na labda nitakaa sakafuni siku nzima, lakini sitaki aende akidhani hapakuwa na mtu… "Nauliza nani huko nje? Ngoja nijifute mikono nakuja," na kiti kimeburutwa, na ndala zinakuja, jozi kabisa, pa, pa, pa, na simu inatetema kwenye paja, na mimi sijasogea hata kidole, mguu mmoja bado umetangulia na mwingine bado umegoma, mkono kwenye fremu, na ninafungua mdomo kumjibu mama wa watu, mimi mpita njia, samahani nimepotea, nilidhani hapana mtu, na kinachotoka ni sauti kubwa, kubwa mno kwa ukumbi huu, "Nipo!" na ndala zinasimama nyuma ya pazia, yule mwanamke anacheka kikohozi, "Upo, nimesikia, lakini wewe nani?" na mimi nasema tena, nipo, nipo ndani, nipo, na wala siyo yeye ninayemwambia…